UZI: Jinsi ya kutambua aina ya nyambizi za Vita vya Pili kwa kutazama picha ya zamani (na ile picha ya "I-27" inayosambazwa siyo I-27)

Kusi_wa_Kilindini:

Wakuu habari zenu.

Kila ikifika Februari watu wanaikumbuka meli ya Khedive Ismail, na wanafanya vizuri. Iliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Colombo, ikiwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wa Kikosi cha 301, wauguzi, mabaharia na abiria wengine. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga torpido. Meli ilizama hata dakika mbili hazikutimia. Watu 1,297 walikufa, na wengi wao walikuwa vijana wa kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika ya wakati ule.

Kinachoniuma ni picha inayoambatanishwa na kumbukumbu hiyo. Inaonyesha nyambizi nyembamba, mzinga mmoja mbele ya mnara (kile kibanda kinachochomoza katikati ya sitaha), ubavu umetuna. Hiyo ni nyambizi ya Kijerumani, aina ya VIIC. Kwa mwendo wa noti 10 (maili 10 za baharini kwa saa) mafuta yake yaliifikisha kama maili 8,500 za baharini, kwa hiyo haikuwa chombo cha kuja kuwinda huku kwetu halafu irudi kituoni kwake Ufaransa. Familia inayotafuta kilichomuua babu yao inaonyeshwa chombo ambacho hakikuwepo kabisa.

Nimeona nifungue uzi nieleze jinsi ya kutazama. Msingi wangu ni huu: anza na mwili, kisha mnara, alama ziwe mwisho. Mwili wa nyambizi haubadiliki kirahisi tangu itoke kiwandani, kwa hiyo ndio unaokupa aina. Mnara na silaha vilibadilishwa kila mara vita vilivyoendelea, kwa hiyo vinakupa mwaka. Namba, michoro na nembo ndizo zinazoweza kukupa nyambizi yenyewe, lakini ndizo pia zinazodanganya zaidi. Maelezo yaliyoandikwa chini ya picha usiyasome kwanza. Yafunike kwa kidole, tazama picha, amua, halafu ndipo uyasome.

Naendelea hapo chini, msijibu kwanza.

Kusi_wa_Kilindini:

Tuanze na Wajerumani maana ndio wenye picha nyingi zaidi.

Aina ya VII. Ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote, zaidi ya 700, na kati ya hizo VIIC peke yake ni 568. Urefu wa VIIC ni mita 67.1. Alama yake kubwa ni matangi ya pembeni. Mwili wenyewe ni mwembamba, halafu kila ubavu una tangi lililobandikwa kwa nje, limetuna katikati na kupotea taratibu kuelekea omo (mbele) na tezi (nyuma). Ukiitazama kwa mbele ikiwa imeibuka, ni kama punda wa Lamu aliyefungwa mapipa ya maji pande mbili. Sitaha juu yake ni nyembamba sana. Baharia akisimama pembeni ya mzinga, hana nafasi kubwa ya kuweka miguu.

Ndani ya aina hiyo kuna vikundi. VIIA zilikuwa kumi tu, na unazitambua kwa nyuma: bomba la torpido la tezi liko nje ya mwili mkuu, juu ya maji, na sitaha ya nyuma inaonekana imevimba. Kwenye VIIB na VIIC bomba hilo limeingizwa ndani na usukani umekuwa miwili. VIIB na VIIC zenyewe zinapishana urefu kwa nusu mita hivi, na kwa picha ya ubavuni kutoka mbali mimi siwezi kumwamini mtu anayesema ameziona tofauti kwa macho matupu.

Aina ya IX. Hii ndiyo ya safari ndefu. IXC ina mita 76.8. Matangi yake yamezunguka mwili karibu wote, kwa hiyo ule uvimbe wa ubavuni huuoni. Ubavu unashuka umenyooka kama wa meli ya kawaida. Sitaha ni pana na bapa. Mzinga wa milimita 105 umekaa mbali kidogo na mnara, tofauti na ule wa milimita 88 wa VIIC uliosogea karibu kabisa na ukuta wa mnara. Ukishazoea jambo hili moja, nusu ya kazi imekwisha.

IXD2 ni dada mkubwa wa hiyo, mita 87.6, na mafuta ya kwenda zaidi ya maili 23,000. Hizi ndizo hasa Wajerumani walizozileta Bahari ya Hindi. Mtu akikuonyesha picha ya nyambizi ya Kijerumani akadai ilipigwa Msumbiji, Madagaska au Pembe ya Afrika, anza kutafuta dalili za IXD2 kwanza. U-197 iliyozamishwa kusini ya Madagaska Agosti 1943 ilikuwa ya aina hiyo.

Nyingine nazipitia haraka. Aina ya II ni ndogo, mita 41 hadi 44, haina mzinga mkubwa sitahani. Aina ya XIV, iliyobeba mafuta na chakula cha kugawia wenzake, ni fupi na nene, haina mabomba ya torpido, na ina mizinga ya milimita 37 mbele na nyuma ya mnara. Zilikuwa kumi na zote zilizamishwa. Aina ya XXI huwezi kuikosea: mwili laini usio na vikorokoro, hakuna mzinga sitahani, na bunduki za kutungulia ndege zimewekwa ndani ya vidungu vya mviringo kwenye ncha mbili za mnara. Ukiona hiyo katika picha, ujue vita viko ukingoni au vimeisha.

Mtoto_wa_Likoni:

Mkuu hizi ni nondo kweli. Ila nina swali. Mimi kwenye makundi ya picha nilifundishwa nitazame mzinga kwanza. Ukiona mzinga mkubwa mbele ni VII au IX, usipouona ni kitu kingine. Wewe unasema mwili kwanza. Kwa nini?

Kusi_wa_Kilindini:

Kwa sababu mzinga unang'olewa, mkuu.

Mwaka 1939 hadi 1942 mzinga wa sitahani ulikuwa na kazi, nyambizi inaibuka na kumalizia meli ya mizigo isiyo na ulinzi. Kufikia 1943 ndege zimekuwa nyingi, hakuna tena nafasi ya kusimama juu ya maji na kufyatua. VIIC nyingi ziling'olewa ule mzinga wa 88, na uzito huo ukatumika kuongeza bunduki za kutungulia ndege kwenye mnara. Kwa hiyo VIIC ya 1941 ina mzinga, VIIC ileile mwaka 1944 haina. Ukifuata mzinga utasema ni aina mbili tofauti, kumbe ni chombo kimoja.

Ndiyo maana nasema mnara ni kalenda. Tazama nyuma ya mnara. Mwanzoni mwa vita pana jukwaa dogo la mviringo lenye bunduki moja ya milimita 20. Wajerumani wenyewe waliliita bustani ya majira ya baridi. Baadaye linaongezwa jukwaa la pili, la chini zaidi, kwa nyuma. Kufikia 1944 la juu lina bunduki mbili za mitutu miwili miwili, na la chini lina mzinga wa milimita 37. Ukiona hayo yote, hiyo picha si ya 1940 hata kama aliyeandika maelezo ameapa.

Dalili nyingine za mwaka:

Namba kubwa nyeupe ubavuni mwa mnara, mfano "U" na tarakimu: hiyo ni picha ya kabla ya vita. Zilifutwa vita vilipoanza 1939. Mtu akikwambia picha yenye namba kubwa ilipigwa katikati ya Atlantiki 1942, mwambie hapana.

Msumeno wa kukatia nyavu pale omoni, chuma chenye meno kimesimama juu ya sitaha: ni nyambizi ya miaka ya mwanzo ya vita.

Bomba refu la kuvutia hewa lililolazwa kwenye sitaha: 1944 na kuendelea. Na hapa pana faida ya ziada. Kwenye VII bomba hilo limelazwa upande wa kushoto, kwenye IX upande wa kulia. Dalili moja imekupa mwaka na aina kwa pamoja.

Profesa_wa_Moshi:

Hapo kwenye kushoto na kulia nina wasiwasi. Picha nyingi za zamani zilichapwa kwa kugeuza filamu. Utajuaje kwamba kushoto ni kushoto?

Kusi_wa_Kilindini:

Swali zuri sana hilo, na wengi hawalifikirii.

Tafuta maandishi kwanza: jina kwenye kofia, namba ya gati, bango la nyuma. Yakisomeka kinyume, umemaliza. Kama hakuna maandishi, nenda kwenye mnara. Nyambizi za Kijerumani zilikuwa na antena ya duara ya kutafutia mwelekeo wa mawimbi ya redio, pete ya chuma inayochomoza kwenye ukingo wa mnara. Iko upande wa kulia, ukiwa umesimama unatazama omo. Ukiiona kushoto, picha imegeuzwa. Igeuze kwenye simu yako kisha uanze upya.

Kuna kitu kingine cha karibu kinachosaidia, matundu ya maji. Chini kidogo ya sitaha pamekatwa safu ya matundu ili maji yaingie upesi nyambizi inapozama. Ukikuza picha vizuri utaona yako marefu au mafupi, yamepangwa safu moja au mbili, yameacha nafasi wapi. Mpangilio huo ulitofautiana kiwanda na kiwanda. Wanaounda sanamu ndogo za nyambizi wanaujua kwa undani kuliko wanahistoria wengi, na wanaweza kukwambia hii imetoka Blohm & Voss ya Hamburg, ile imetoka Germaniawerft ya Kiel, kwa kuhesabu matundu tu. Hapo idadi ya nyambizi zinazowezekana inashuka kutoka mamia hadi makumi.

Mswahili_Chicago:

Nawasalimu kutoka Marekani. Naongezea kidogo kuhusu sitaha ya IX. Hapa Chicago, kwenye makumbusho ya sayansi na viwanda, ipo U-505, IXC kamili, iliyotekwa baharini tarehe 4 Juni 1944. Niliizunguka kutoka omo hadi tezi. Alichosema mleta uzi kuhusu ubavu ni kweli, ukisimama chini yake huoni ule mtuno wa VII, ni ukuta mrefu. Na juu ni pana, mnaweza kupishana watu. Picha za siku ile ilipotekwa zipo nyingi, tezi yake imezama majini, omo imeinuka, askari wa Kimarekani wamesimama juu. Zinafaa sana kwa kujifunzia kwa sababu tuna uhakika ni nyambizi gani, na chombo chenyewe bado kipo ukalinganishe.

Kusi_wa_Kilindini:

Ahsante sana mkuu, na hilo la mwisho ndilo hasa. Jifunze kwa vyombo vilivyobaki. U-995 iko ufukweni Laboe, Ujerumani, ni VIIC/41. U-505 ya Chicago ni IXC. U-2540 iko Bremerhaven, aina ya XXI. Jaza macho yako kwa hizo tatu hadi umbo lake likae kichwani, halafu ndipo uingie kwenye picha zisizo na majina.

Sasa nirudi kwa I-27 maana ndiyo iliyonileta.

I-27 ilikuwa ya kundi ambalo Wajapani waliliita B1. Urefu mita 108.7. Iweke kando ya VIIC na utaona imeizidi kwa zaidi ya mita 40. Lakini urefu kwenye picha unadanganya, nyambizi ikielekea kwenye kamera inajikunja yote. Kwa hiyo usikimbilie kupima, tazama mbele ya mnara. B1 zilibeba ndege ndogo ya upelelezi, na ndege hiyo ilikuwa na banda lake lisiloingia maji. Banda hilo limeungana na mnara kwa mbele, linaonekana kama bomba nene la mviringo lililolala. Kutoka hapo hadi karibu na omo ipo reli ya kurushia ndege. Mzinga, wa sentimita 14, umewekwa nyuma ya mnara.

Rudieni sasa ile picha inayosambazwa. Mbele ya mnara kuna nini? Kuna mzinga. Banda liko wapi? Halipo. Reli? Haipo. Hata ungekuwa hujui lolote kuhusu Wajerumani, hayo matatu yanatosha kuikataa.

Kama mtu hana picha ya I-27 yenyewe, basi aweke ya mwenzake wa kundi la B1 na aandike wazi kwamba ni mwenzake. Msomaji atapata umbo sahihi la chombo, na hakuna atakayedanganywa.

Mtoto_wa_Likoni:

Na zile zilizoingia Diego Suarez 1942? Maana nako kuna picha ya kijinyambizi kimeegemea mwamba, na watu wanaandika ni ya Mombasa.

Kusi_wa_Kilindini:

Bila kuiona siwezi kuisemea picha yenyewe, ila vyombo nitakuelezea.

Usiku wa tarehe 30 Mei 1942 nyambizi kubwa za Kijapani zilileta vijinyambizi vya watu wawili hadi karibu na Diego Suarez, kaskazini ya Madagaska. Manowari ya Kiingereza Ramillies ikapigwa na kuharibika, na meli ya mafuta British Loyalty ikazama palepale bandarini. Siku moja kabla, ndege ndogo kutoka I-10 ilikuwa imepita juu ya bandari kupeleleza. Ndiyo kazi ya lile banda niliyoieleza juu.

Vijinyambizi hivyo vilikuwa na urefu wa karibu mita 24, mnara mdogo katikati, na mabomba mawili ya torpido yamepangwa moja juu ya jingine pale omoni. Mdomo huo wenye matundu mawili ndio alama yake. Vyombo vya namna hiyo hiyo vilipigwa picha Hawaii na Sydney pia, kwa hiyo usikubali jina la mahali bila kuangalia mwamba, majengo na watu walioko nyuma. Chombo kitakupa aina, mandhari ndiyo itakupa mahali.

Bint_Tanga:

Wakuu, nimefuatilia uzi huu tangu asubuhi. Nina picha kwenye albamu ya marehemu babu, aliwahi kuwa askari wakati wa Waingereza. Inaonyesha nyambizi imekwama kwenye maji ya kina kifupi, imelala upande kidogo, nyuma ni pwani kavu haina hata mti. Nyuma ya picha ameandika kwa kalamu "Japani, Somalia 1944". Nimejaribu kufuata maelekezo yako. Mbele ya mnara sioni banda wala reli. Nyuma ya mnara kuna majukwaa mawili yenye vyuma vya kushikilia, moja juu na jingine chini. Ubavu umenyooka, haujatuna. Kuna antena ya duara lakini imepinda. Inaweza kuwa nini?

Kusi_wa_Kilindini:

Dada Bint Tanga, itunze hiyo picha mbali na unyevu na uipige nakala leo leo.

Twende polepole. Hakuna banda, hakuna reli, kwa hiyo B1 ya Kijapani tunaiweka kando. Antena ya duara na majukwaa mawili ya ngazi nyuma ya mnara ni Mjerumani, na majukwaa hayo ni ya 1943 au baadaye, yanakubaliana na mwaka alioandika babu. Ubavu ulionyooka ni aina ya IX. Kufika hapo tumeshapata aina na kipindi kabla hatujataja jina lolote.

Sasa mahali. Nyambizi ya Kijerumani iliyokwama pwani ya Somalia mwaka 1944 ninayoijua ni U-852, na ni IXD2. Tarehe 2 Mei ndege za Wellington zilizotoka Aden ziliishambulia, ikashindwa kuzama tena, nahodha akaikimbiza ufukweni kusini ya Ras Hafun na ikakwama tarehe 3. Mabaharia waliobaki walijaribu kuilipua kisha wakatekwa na wanamaji wa Kiingereza pamoja na askari wa ngamia wa Somaliland. Babu akiwa askari wa upande huo, inaeleweka kabisa picha kumfikia.

Ndani ya mabaki Waingereza walikuta kitabu cha kumbukumbu za safari. Hicho kiliifunga U-852 na kuzamishwa kwa Peleus, meli ya Ugiriki, tarehe 13 Machi 1944, ambapo manusura walipigwa risasi majini. Nahodha Heinz-Wilhelm Eck alishtakiwa Hamburg na kupigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945 pamoja na maofisa wake wawili.

Naomba uangalie kitu kimoja zaidi. Nyuma ya mnara, karibu na jukwaa, je, kuna mitungi miwili mirefu imesimama wima? Nyambizi za kundi hili ziliwekewa kishada kikubwa cha chuma chenye mapanga yanayozunguka, Fa 330, mtu anakaa juu yake na kuvutwa hewani ili aone mbali. Kilikunjwa na kuwekwa ndani ya mitungi hiyo. Hata kama mmoja umevunjika, kitako chake cha mviringo kinaweza kuonekana.

Bint_Tanga:

Nimetumia miwani ya kukuzia. Mmoja upo, mviringo, mrefu kama kimo cha mtu, umeinama kidogo. Penye wa pili kuna kivuli tu, siwezi kuapa.

Kusi_wa_Kilindini:

Basi andika hivi kwenye nakala, na maandishi ya babu yaache kama yalivyo: "Nyambizi ya Kijerumani, aina ya IXD2, pwani ya Somalia, Mei 1944 au baadaye. Inaelekea ni U-852." Hilo neno "inaelekea" usiliondoe hadi tuilinganishe na picha za Waingereza za mabaki yaleyale, hasa umbo la miamba ya nyuma. Ukiweza kuipiga kwa mwanga wa dirishani bila kutumia mwanga wa simu, ipandishe hapa, picha yote pamoja na kingo zake, na upande wa nyuma wenye maandishi pia. Profesa wa Moshi na mimi tutaanza na miamba.